Walioacha Mashimo Kivaa

Jumapili, 5 Julai 2009

Mwanangu Nzomo ameitwa mbele ya kanisa leo na watu wakampigia makofi, kwa hiyo naanza kuandika. Kitabu hiki cha tarehe alinipa yeye mwezi wa kwanza, cha kampuni ya mbegu, chenye jalada gumu. Nilikiweka kabatini nikisema kitu kizuri hivi hakiandikwi bei ya kunde. Leo kuna neno la kuandika.

Waithira mwenye duka pale sokoni alipoteza pete yake ya ndoa siku ya harambee ya paa, hapo hapo uwanjani mwa kanisa. Wamama wote tuliitafuta kwa magoti mpaka tukakata tamaa. Jana Nzomo akaja na mashine yake. Ni fimbo yenye sahani chini. Unavaa visikizio, unaipitisha karibu na ardhi polepole kama mtu anayepiga deki, na ikipita juu ya chuma inalia. Jeshini alifundishwa kutafuta mabomu yaliyozikwa, huko nchi za watu, na akarudi na miguu yake yote miwili. Nani mwingine hapa Kivaa ana mtoto kama huyo? Mashine hii si ya jeshi, alijinunulia mwenyewe Nairobi, ya mtumba.

Pete ilipatikana. Lakini mimi kilichonifurahisha si pete, ni adabu. Kwanza aliomba ruhusa kwa katekista. Ikilia, anakata udongo mviringo kama kifuniko cha sufuria, anauweka juu ya gunia, anatoa kitu, anarudisha udongo, anafunika, anakanyaga. Vifuniko vya soda, misumari, mbavu za mwavuli, takataka zote za watu wengine alizitia kwenye mfuko kiunoni akaondoka nazo. Jioni katekista alitembea uwanja mzima akauliza, "Kwani alichimba wapi?"

Kanuni zake nimezishika. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Chimba kidogo, ziba kabisa. Taka ukiitoa, ondoka nayo. Ukipata kitu cha mtu mrudishie, na kikiwa cha kale sana usikisugue, waite watu wa makumbusho. Na penye makaburi usiguse. Nilimweleza jirani yangu Munyiva njia nzima ya kurudi nyumbani, mpaka akasema, "Mama Nzomo, hata mimi nimezaa."

Jumatatu, 13 Julai

Hakuna mvua. Kunde zimekauka zikiwa na maua. Chifu anasema mwolyo unakuja, lakini chakula cha msaada cha mdomoni mwa chifu hakijai sufuria.

Jumapili, 19 Julai

Bwawa linarudi nyuma. Kila tukiamka maji yako mbali zaidi, na matongo yetu yanaanza kutoka, ile miji tuliyoiacha tulipohamishwa huku juu kabla maji hayajapanda.

Mukai wangu yuko huko. Ni kifungua mimba wangu, surua ilimchukua hata hajajua kusema jina langu vizuri. Wakati ule katekista alituambia misalaba ya mbao italiwa na mchwa, kwa hiyo kijiji chetu kizima tukawa na mtindo wetu: ukizika mtu, unazika jembe kuukuu lisilo na mpini upande wa kichwa, limesimama wima, ili mahali pajulikane hata udongo ukilala. Halafu maji yakaja juu ya majembe yote.

Mimi nasema Mukai yuko karibu na lile jiwe nililokuwa nasagia. Baba Nzomo anasema yuko kwenye mstari wa katani. Tangu tuhame tunabishana.

"Mimi ndiye niliyechimba," anasema.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kila asubuhi," namwambia.

Nzomo ametusikia leo akacheka. "Mwaitu, tulieni. Maji yakishuka mpaka kwetu, nitapitisha mashine, jembe litalia. Tutamwekea mawe makubwa, maji yakirudi yatamkuta amefunikwa." Mwaitu ndiyo mama kwetu, na akiniita hivyo nasahau hata njaa.

Inabidi iwe kabla ya mvua za mwezi wa kumi. Maji yakipanda tena, sijui kama mimi na Baba Nzomo tutakuwepo yakishuka mara nyingine.

Jumapili, 2 Agosti

Tumepata mgeni. Anaitwa Wambua, ananunua vyuma kuukuu kule Matuu, ana pikapu na jino la dhahabu. Ameketi kwenye kiti cha Baba Nzomo, amekunywa chai yangu ya maziwa vikombe juu ya vikombe, na kila akiweka kikombe chini anamsifu Nzomo. Anasema huko kwenye matongo wazee walizika rupia za wakati wa Mzungu, na kuna watu Nairobi wanazitafuta kwa udi na uvumba. Akifanya kazi na Nzomo mpaka mvua zianze, atamnunulia pikipiki ya kubebea abiria.

Pikipiki! Nimeanza kujiona nimeketi nyuma, upande, leso inapepea, tunapita mbele ya nyumba ya Munyiva.

Jumatano, 12 Agosti

Nzomo yuko ufuoni na Wambua tangu wiki iliyopita. Amesema Mukai ni wiki ijayo, matope bado.

Jumatatu, 17 Agosti

Ng'ombe wa Munyiva amevunjika mguu ndani ya shimo akienda kunywa maji. Wamemchinja hapo hapo. Munyiva hakuchukua hata utumbo.

Alinipitia akaniuliza polepole, "Haya mashimo ni ya mwanao?"

Nikamwambia mashimo ya mwanangu hayaonekani, aulize katekista. Hata mimi nilisikia sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko swali.

Nimemwuliza Nzomo alipokuja kula. Amesema ni vijana wa Wambua, atawaambia. Halafu akasema, "Mukai ni wiki ijayo, Mwaitu."

Jumatano, 26 Agosti

Watu wa sensa wamefika kwetu leo. Msichana mpole sana, ameandika kila kitu. Akauliza nimezaa watoto wangapi. Nikasema watano. Wangapi wako hai? Wanne. Akataka kuendelea na mambo ya paa na choo, lakini mimi nikamwambia huyo mmoja yuko chini ya bwawa na anaanza kukauka. Aliinua kalamu akanitazama. Nikampa maji akaenda.

Jumapili, 6 Septemba

Baada ya kanisa nimeteremka ufuoni mwenyewe. Tangu nirudi sijatia kitu mdomoni.

Ardhi ile mimi naijua. Tope la bwawa likikauka hupasuka vipande, na chini yake unaona bado mistari ya nyumba zetu. Sasa ni kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Shimo la magoti, shimo la kiuno, udongo umerushwa huku na huku, na hakuna hata moja, nasema hata moja, lililozibwa. Ndani ya moja kuna makopo ya samaki, chupa za pombe kali na mifuko ya nailoni. Ndani ya lingine mtu mzima amejisaidia. Mtu mzima mwenye mama! Na kama sikosei, hapo palikuwa jiko la mama mkwe wangu. Nilifunika pua na leso, na harufu haikuwa sababu kubwa.

Nzomo nilimwona mbali. Anapitisha sahani, ikilia anachora duara kwa kisigino na kusonga mbele. Nyuma yake vijana watatu wa Wambua wanateremsha sururu. Hageuki.

Nikamvuta kisikizio.

"Mwaitu! Umekuja?"

"Shimo hili ni la nani?"

"La vijana."

"Na duara lilikuwa la nani?"

Akakwaruza ardhi kwa mguu. "Langu. Lakini Mwaitu, mimi naonyesha tu. Wanaochimba ni wao."

"Mliomba ruhusa kwa nani?"

"Hapa hakuna mwenyewe. Ni ardhi ya bwawa."

Hakuna mwenyewe! Amesimama uani kwa nyanya yake, na suruali niliyompigia pasi mimi, ananiambia hakuna mwenyewe.

Wambua akaja na jino lake. "Karibu Mama! Angalia usitumbukie, utaumia."

"Kumbe unajua yanaumiza," nikamwambia. Kisha nikamgeukia mwanangu. "Kule kwa mabomu ulikuwa unaonyesha tu halafu unaenda kunywa chai?"

Vijana wakacheka. Nzomo hakucheka.

"Na Mukai?"

"Wiki ijayo. Matope bado."

"Matope gani? Mimi nimekuja na ndala!"

Nimepanda mlima peke yangu. Njiani nimekutana na Waithira, ameniuliza, "Fundi wetu hajambo?" akinionyesha pete kidoleni. Nikasema hajambo. Ni mara yangu ya kwanza kuulizwa habari za Nzomo nikatafuta njia ya kupita.

Alhamisi, 10 Septemba

Jua tu. Sijamwuliza Nzomo kitu na yeye hajanieleza kitu.

Jumatatu, 14 Septemba

Leo nitaandika hata mkono ukiuma.

Asubuhi Munyiva alisimama mlangoni bila hodi, bila kusalimu. Akasema, "Vaa viatu." Nikavaa. Tulishuka hatuongei. Wachungaji wa mifugo walikuwa wamefunika kitu kwa gunia na kuweka vijiti kuzunguka, mbuzi wasikanyage. Wachungaji, watu ambao hawajawahi kusoma kanuni yoyote!

Munyiva akafunua. Mimi niliona mfupa mmoja mrefu na kipande cha blanketi, nikageuka. Yeye hakugeuka.

"Ni Kimeu," akasema. Mume wake, alikufa kabla hatujahama.

"Unajuaje, dada yangu?"

Alikwenda kwenye rundo la takataka la wale vijana, akapangua chupa na makopo, akatoa jembe. Lilikuwa jekundu kwa kutu, pembe moja imevunjika.

"Pembe hii niliivunja mimi," akasema. "Niligonga jiwe mwaka niliolewa, Kimeu akanigombeza siku mbili."

Nikaelewa vile ilivyokuwa. Mashine ililia kwa sababu ya jembe. Walipolitoa wakakasirika, si rupia, wakalitupa. Wakadhani rupia ziko chini yake, wakachimba zaidi. Wakafika kwa Kimeu. Na wakaenda zao! Hilo ndilo linalonitapisha mpaka sasa. Mtu anaweza kukosea akachimba mahali si pake, tuseme hajui. Lakini uone mtu mwenzako amelala hapo, halafu hata udongo wa kumrudishia uone ni kazi? Uchukue sururu yako uende shimo lingine ukipiga mluzi?

Munyiva hakunitukana. Heri angenitukana. Alilifuta lile jembe kwa leso yake, akaniuliza, "Mama Nzomo, zile kanuni ulizoniimbia njia nzima, ya makaburi ilikuwa ya ngapi?"

Nilishika pembe ya gunia nikamsaidia kumfunika Kimeu tena.

Nzomo alirudi magharibi akaketi mezani. Nikamletea maji ya kunawa. Akanawa. Nikamwaga, nikamletea mengine. Akanawa. Nikamletea mengine.

"Mwaitu, nimeshanawa."

"Bado."

Akatazama mikono yake. "Umesikia," akasema.

"Nimeona. Wewe uliona?"

"Niliona jembe likitoka. Nikajiambia ni jembe tu, huku palikuwa na mashamba."

"Na Kimeu?"

"Nilikuwa nimeshapita mbele."

"Walipomfikia hawakusema kitu? Vijana watatu, bubu wote?"

"Nilikuwa na visikizio masikioni."

"Vilikuwa vinalia?"

"Hapana," akasema. "Wakati huo havikuwa vinalia."

Nimemlea huyu mtoto. Nimemtangaza kanisani, sokoni, hata kwenye foleni ya mwolyo. Na leo nilimtazama kama vile unavyotazama maziwa yenye nzi. Chakula nilikifunika na sahani nikakirudisha jikoni.

Baba Nzomo, ambaye akisema neno asubuhi limetosha mpaka jioni, alikuwa amekaa pale anasokota kamba. Akasema bila kuinua kichwa, "Wakitoka kwa Kimeu, wa pili ni sisi."

Jumatano, 16 Septemba

Jana Nzomo alikwenda kwa Munyiva kabla ya jua. Mimi nilimfuata nyuma nikakaa kwenye ua, mama ni mama.

Alianza kuomba msamaha kwa maneno marefu ya kizungu cha jeshi. Munyiva akamkata.

"Hayo maneno weka. Wewe nirudishie udongo wangu. Ule ule uliotoka. Usiniletee udongo wa kwingine ukamfunika mume wangu."

Tukashuka sote ufuoni. Udongo wenyewe ulikuwa umerushwa pande zote, umechanganyika na uchafu wao. Nzomo alipiga magoti akaukusanya kwa mikono, donge kwa donge, anatoa vigae vya chupa, anatoa nailoni, anatoa mambo ambayo sitayaandika. Alitapika mara moja, akajifuta, akaendelea. Katekista alikuja akasoma. Jembe likarudi kusimama kichwani. Tuliondoka jua linazama.

Wambua alipita na pikapu akapiga honi. "Nzomo! Kazi je?"

"Nimeacha."

"Na pikipiki?"

"Panda wewe."

Nimefurahi kusikia hivyo, lakini sijamwambia. Chakula nilimpa, nje, kwenye kifuniko cha sufuria.

Jumapili, 20 Septemba

Nilidhani mashine ikiondoka na wao wataondoka. Wapi! Nzomo alikuwa ameshachora maduara yake ufuo mzima, na vijana wanayafuata tu. Kila duara la kisigino cha mwanangu ni mwaliko. Leo ameshuka kuyafuta, lakini mengine yako chini ya vumbi na hakumbuki yote. Amerudi akaniambia lipo moja alilochora karibu na jiwe kubwa bapa, na leo hakuliona.

"Jiwe bapa gani?"

"Kama la kusagia."

Ni jiwe langu.

Jumatatu, 21 Septemba

Nimekwenda kwa Munyiva. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

"Wakya," nikamsalimu.

"Aa," akaitikia, lakini hakunipa kiti.

Nikamwambia sikuja kumwombea Nzomo. Nimekuja kwa sababu wanakwenda kwa Mukai, na peke yangu siwezi. Aliendelea kuchambua mbaazi mpaka ungo ukaisha. Akasema, "Chama cha wamama kina koleo ngapi?"

Jumamosi, 26 Septemba

Nimechoka vizuri. Acha niandike.

Tulishuka wamama wa chama wote, na koleo, na majembe, na magunia. Hatukugombana na mtu. Kijana akimaliza shimo akapanda juu, sisi tunaingia tunaliziba. Akichimba lingine, wamama wanne wamemsimamia pembeni na koleo kama watu wa mazishi, wanamngoja amalize.

Kijana mmoja, jasho linamtoka, akasema, "Sasa mama, mbona mnaziba hata hatujaangalia vizuri?"

"Wewe angalia, sisi hatukukatazi kuangalia," Munyiva akamjibu. "Una macho, una shimo. Ukitosheka tuambie."

"Mnatuharakisha!"

"Tunakusaidia, mwanangu. Kwenu hamkufundishwa kuziba, si kosa lako, ni la aliyekulea. Yuko hai? Tumwite?"

Wamama walicheka, na yule kijana akatoka shimoni akakaa kando na mgongo kwetu.

Wambua akafika amefura. "Nyinyi wamama mna shida gani?"

"Shida ni shimo," nikasema mimi.

"Ardhi hii si yenu!"

"Ni yako?"

"Si yangu."

"Basi wewe uliyechimba kisicho chako, na sisi tunaoziba kisicho chetu, twende kwa chifu tukaulizwe nani alianza."

Wakati anajibishana na mimi, Waithira na wengine walikuwa wanajaza magunia: makopo, chupa, nailoni, hata ile mizigo ya shimoni wakaichota kwa koleo. Wakayapanga yote kwenye pikapu yake, vizuri, wakayafunga kamba. Alipogeuka uso wake ulibadilika.

"Hii ni nini?"

"Mali yako," Waithira akamwambia. "Umesahau kwenda nayo."

Aliondoka na madirisha wazi kwa sababu ya harufu. Sijawahi kuona mtu anaendesha gari akiwa ameshika pua. Vijana walipanda nyuma juu ya takataka yao wenyewe, hakukuwa na mahali pengine.

Jumapili, 4 Oktoba

Hawajarudi. Wachungaji wanasema pikapu imeonekana ng'ambo, upande ule mwingine wa maji. Mungu awasaidie wamama wa huko.

Jumatano, 14 Oktoba

Sasa Nzomo anafanya kazi ambayo hakuna anayemlipa. Familia inashuka naye, wanamwonyesha pale wanapodhani, anapitisha mashine taratibu. Ikilia hachimbi. Anavua visikizio, anavua kofia, anasogea pembeni, na mwenyewe anaweka jiwe la kwanza. Wazee wamelia pale chini mpaka na mimi nimezoea kubeba leso mbili. Kuna mzee ambaye mashine haikumlilia popote, akasema basi, akaweka jiwe aliposimama.

Watu wananiuliza mbona wetu bado. Nimesema wetu awe wa mwisho. Si wema. Munyiva alikuwa ananitazama.

Jumapili, 18 Oktoba

Hapa hatujaona tone, lakini kule juu mlimani imenyesha, na maji ya bwawa yameanza kupanda yakiwa mekundu. Leo yamemeza matongo ya chini kabisa. Baba Nzomo ameacha kamba zake anakwenda kuyatazama na kurudi, anakwenda na kurudi.

Jumamosi, 24 Oktoba

Tumekwenda leo. Wingu lilikuwa jeusi na maji yalikuwa karibu, unayasikia yakilamba. Mimi, Baba Nzomo, Nzomo na mashine yake. Munyiva alitukuta njiani amebeba jiwe kichwani, hakuna aliyemwita.

Tulianza kwangu, kwa jiwe la kusagia. Duara la Nzomo lilikuwapo bado. Alilifuta kwanza kwa kiganja, ndipo akapitisha sahani. Ikalia. Niliisikia hata bila visikizio. Nilikaa chini kwenye udongo kama mtoto. "Nilisema! Si nilisema? Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kila asubuhi!"

Munyiva akashusha jiwe lake. Baba Nzomo akamzuia kwa mkono.

"Nzomo, pitisha na kwangu."

"Ya nini tena?" nikamwuliza.

"Pitisha."

Wakatembea mpaka kwenye visiki vya katani. Hata si mbali, ukiongea kwa sauti ya nyumbani unasikika. Nzomo akapitisha sahani, akasimama, akairudisha, akavua visikizio akanitazama.

"Imelia, Mwaitu."

"Inalia namna gani?"

"Namna ile ile. Kitu cha chuma, ukubwa ule ule, kina kile kile."

Matone ya kwanza yakaanza. Baba Nzomo hakushangilia. Alikuwa ameshika kisiki cha katani anakitikisa kidogo kidogo.

"Nikate kidogo tu," Nzomo akasema. "Kama kifuniko cha sufuria, kama pale kanisani. Nitie mkono niguse, nifunike. Nitajua mara moja ni wapi jembe na ni wapi kopo, na hamtabishana tena." Akapiga goti, akatoa kisu chake. "Ruhusa, Mwaitu?"

Ameuliza. Nilimtazama akingoja, mvua inamwagikia shingoni, kisu hakijagusa udongo. Angeniambia mtu mwezi uliopita kwamba mwanangu atapiga goti ufuoni hapa angoje neno langu, ningetema mate.

Nilitaka kujua. Nani hatataka? Nimetaka kujua tangu siku ile tuliyopakia mbuzi na vitanda tukapanda huku juu. Lakini nilimkumbuka Munyiva akipangua yale makopo, na sikutaka mkono wa mtu, hata huo niliouzaa, uingie hapo ukampapase mtoto wangu ati tumalize ubishi.

"Hapana," nikasema. "Ondoa kisu."

"Na kama kwangu ni kopo?" Baba Nzomo akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Na kama kwangu?" nikamjibu.

Akafikiri. Halafu akafanya kitu ambacho hajafanya mbele ya watu tangu anioe, alinishika mkono.

Munyiva alikuwa bado na jiwe lake, anangoja aambiwe liende wapi. Aliliweka kwa Baba Nzomo, akarudi kuokota lingine akaliweka kwangu. Tukabeba mawe pande zote mbili mpaka maji yakafika visigino. Huenda moja ni jembe la Mukai na lingine ni kopo la mafuta la mtu. Basi Ukambani kote hakuna kopo lililowahi kuzikwa kwa heshima namna hii, na jiwe la mwisho juu yake ameliweka mwanangu Nzomo.